Petroli Iliyochemka Katito

Saa saba na dakika arobaini mchana pikapu ilizima kwa mara ya kwanza. Nina hakika na wakati huo kwa sababu nina desturi ya kutazama saa kila injini inapobadilisha sauti. Ilikohoa mara mbili, ikavuta kidogo, ikanyamaza. Tulikuwa tumelipita soko la Katito, huko Nyakach, na kushika njia ya Kendu Bay. Nyuma ya pikapu palikuwa na jeneza. Mbele yetu kwaya ya kanisa ilikuwa imeshuka kwenye basi, ikitembea kwa miguu na kuimba, nasi tukiifuata kwa gia ya kwanza kwa muda wa kama robo saa.

Ninyi mnaojifunza ufundi sasa mmekuta injini zinazogawiwa mafuta na kompyuta. Pampu imezama ndani ya tangi, inasukuma kwa nguvu, na petroli haipati nafasi ya kuchemka njiani. Lakini najua baadhi yenu mnaletewa magari ya zamani, ya kabureta, na watu wanaoyapenda na kuyang'arisha, kisha mnanipigia simu kuniuliza kwa nini gari linawaka vizuri asubuhi na kuzima kwenye foleni saa nane mchana. Nitawaeleza ninavyojua. Ila siwezi kueleza bila kusimulia safari ile ya miaka ya themanini, kwa maana jambo hili nililielewa kwa kumkosea mtu.

Marehemu alikuwa karani, Bwana Owuor, mkazi wa Kaloleni pale Kisumu. Aliugua miezi minne. Mkewe, Mama Akinyi, alizaliwa Ugenya, kwa hiyo kwa akina mumewe walimwita nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya. Ndugu za marehemu walikuwa na lalamiko la miaka mingi juu yake: kwamba amemshika ndugu yao mjini, haji nyumbani hata Krismasi. Msemaji wa familia alikuwa kaka mkubwa, Bwana Odongo. Pikapu waliikodi kwa Bwana Okeyo, mfanyabiashara aliyekuwa na magari matatu, yote yakitengenezwa na mimi. Bwana Okeyo aliniomba niandamane na dereva wake, Ouma, kwa kuwa jana yake nilikuwa nimeifungua kabureta.

Ilipozima, Ouma alipiga stata. Injini ilizunguka bila kuwaka. Akapiga tena.

"Wacha," nilimwambia. "Utamaliza betri."

Kabla sijashuka, Bwana Odongo alikuwa tayari ameweka mkono juu ya jeneza. Alizungumza na ndugu yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Owuor, wuod mama, mtoto wa mama yangu. Hapa ni Katito. Nyumbani ni pale tu. Tumekukosea wapi? Twende."

Ninyi vijana wa mjini huenda hamjaliona jambo hili. Gari linalobeba maiti likisimama lenyewe, watu wengi huku kwetu hawafungui boneti kwanza. Wanaanza kuongea na marehemu. Huenda ana neno ambalo halijasemwa, au kuna mtu katika msafara ambaye hamtaki. Mimi ni Mkristo na sikuwa na jibu la kuwapa juu ya wafu. Nilichokuwa nacho ni mkono. Niliuingiza chini ya boneti, nikagusa bomba dogo linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, nikauondoa haraka. Lilikuwa la moto kiasi cha kuunguza.

Sasa sikilizeni vizuri. Petroli haihitaji joto kali ili ichemke. Sehemu yake iliyo nyepesi huchemka mapema sana, kabla ya maji ya rejeta kupata moto wa kawaida. Pampu ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini, inapata joto la injini, nayo haisukumi tu, kwanza inavuta. Mahali inapovuta, mgandamizo hupungua, na petroli iliyo katika hali hiyo huchemka mapema zaidi. Ikishakuwa mvuke, ngozi ya ndani ya pampu inapanda na kushuka ikiukanda mvuke ule ule, haipeleki kitu. Kabureta inakauka. Gari linazima.

Ukiwa kwenye mwendo, upepo unaopita kwenye rejeta na petroli mpya inayotoka tangini huipoza pampu. Ukitembea nyuma ya watu wanaoimba, kwa gia ya kwanza, jua la tambarare ya Kano likiwa juu ya boneti, upepo haupo na petroli inapita kwa kijiko. Hakuna safari mbaya zaidi kwa kabureta kuliko ya mazishi.

Halafu kuna jambo lililonisumbua kuliko yote. Mvuke huo ukiachwa bila kuguswa hupoa na kurudi kuwa petroli. Inachukua dakika ishirini hadi thelathini. Na ndio muda ule ule ambao watu huuchukua kumwomba marehemu, kuimba nyimbo mbili na kusali.

Saa nane na dakika nne Ouma alipiga stata, injini ikawaka. Wanawake walipiga vigelegele wakilia. Bwana Odongo alifuta macho.

"Amesikia," alisema.

Mimi nilipanda gari nikanyamaza. Nilijua lilikuwa bomba. Nilijua pia ni kwa nini bomba lilikuwa la moto kiasi kile, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza.

Niwarudishe nyuma siku moja. Kati ya kabureta na manifoldi, yaani lile bomba la chuma linalogawa mafuta kwenye silinda, kiwandani huweka kipande kinene cheusi, kigumu, mfano wa ile plastiki ya zamani ya swichi za umeme. Unene wake ni kama kidole. Cha pikapu ile kilikuwa na ufa na kilivuta hewa. Nilikitafuta Kisumu nzima nisikipate, na Bwana Okeyo aliitaka pikapu asubuhi. Nikakitazama nikasema moyoni, hii ni gasketi tu, wameifanya nene kwa kupenda. Nikakata gasketi ya karatasi, nikafunga. Kabureta ikashuka chini kwa unene wa kidole. Bomba la petroli likawa refu kuliko nafasi yake, nami nikalikunja kwa mkono, likapita karibu na manifoldi ya moshi. Nikawasha, likanguruma vizuri. Nikajisifu.

Kipande kile hakikuwekwa kwa kupenda. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisipande kwenye kabureta. Sikujua hilo mpaka bomba liliponiunguza mkono. Nilijifunza ufundi kwa kufungua na kufunga, na kwa vitabu vilivyochanika nilivyonunua sokoni Kibuye na kusoma kwa kamusi, na katika kitabu changu ukurasa huo haukuwepo. Mzee Onyango, fundi aliyenipokea gerejini kwake nikiwa sijui spana ipi ni ipi, alikuwa akiniambia kila mara, "Wewe unasoma sana, lakini unatupa vitu kabla ya kuviuliza viko hapo kwa nini." Nilidhani ni wivu wa mtu asiyesoma.

Mara ya pili ilizima saa nane na dakika ishirini na moja, tulipokuwa tumesogea kama mita mia nane. Kwaya ilikuwa bado mbele yetu. Safari hii Bwana Odongo hakwenda kwenye jeneza. Alikuja upande wa pikapu alikokaa Mama Akinyi, juu ya benchi karibu na kichwa cha mumewe.

"Nyar Ugenya, shuka."

Alishuka.

"Watu wote wako hapa. Sema ile kitu ulifanyia ndugu yangu."

"Shemeji, mimi sina kitu ya kusema."

"Alikuwa hai, ulimshika huko Kaloleni. Sasa amekufa, na bado hawezi kufika kwao. Unataka tuelewe namna gani?"

"Nilimwosha," alisema Mama Akinyi. "Nilimlisha na kijiko. Miezi minne. Wewe ulikuja mara moja, ukauliza redio yake iko wapi."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Bwana Odongo alipandisha sauti. Alisema mke mwenye siri hataingia boma lile, ataachwa hapo barabarani, na watoto watabaki kwa baba yao. Akinyi, binti wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemshika mama yake nguo, na shangazi mmoja alikuja akamtoa.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo. Spana ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na maneno yote niliyowaandikia hapo juu, kwa mpangilio, na sikuyatoa. Nilifikiria Bwana Okeyo na magari yake matatu. Nilifikiria watu wa Kisumu watakavyosema kwamba fundi fulani aliharibu mazishi. Nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya familia.

Mama Akinyi aliambiwa akae kando ya barabara, mbali na gari. Saa nane na dakika arobaini na tano Ouma alijaribu, na injini ikawaka.

"Mmeona?" Bwana Odongo aligeukia watu. "Ametoka, gari imewaka. Mnataka ushahidi gani?"

Tuliondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama na kitambaa cheusi kichwani, akiwa mdogo zaidi kila nilipotazama. Katika miaka yangu yote ya kazi nimefunga vitu vibaya, nimevunja vichwa vya bolti, nimewauzia watu koili mpya wakati koili yao ilikuwa nzima. Hakuna ninachokikumbuka kama kioo kile.

Nimeitaja koili, basi niwaambie, kwa sababu mtalikosea hili kama nilivyolikosea mimi. Koili, ile inayozipa plagi umeme, nayo huchoka ikipata moto, na gari huzima vile vile. Kwa hiyo kabla ya kulaumu petroli, toa waya mmoja wa plagi, usogeze karibu na chuma, mwenzako apige stata. Ukiona cheche nzuri ya buluu, achana na koili. Kisha toa plagi yenyewe. Ikiwa kavu, petroli haifiki: ni mvuke bombani au kwenye pampu. Ikiwa imelowa na gari linanuka petroli, ni kabureta yenyewe iliyochemka baada ya kuzimwa, ikamwagikia ndani. Hapo usikanyage-kanyage pedali, utazidi kulowesha. Ikanyage mpaka chini, ishikilie hapo, piga stata, hewa ipite. Magonjwa mawili, na dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu ya mwingine.

Na vile vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, ambavyo wazee wengine watawaambia mbane kwenye bomba: nimevijaribu, gari moja, njia ile ile ya Awasi kupanda Kericho, siku nne zenye jua. Siku mbili navyo, siku mbili bila. Lilizima zote nne. Huko juu baridi ipo, lakini petroli huchemka mapema zaidi kadiri unavyopanda, hilo pia msilisahau.

Tulikwenda mita mia sita baada ya kumwacha yule mama. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini na nane.

Watu walitazamana. Mama Akinyi hakuwa garini. Bwana Odongo akasema, "Bado yuko karibu. Bado anamwona. Arudishwe Kisumu kabisa, ndiyo tuendelee." Akamwita kijana wa baiskeli aende amwambie.

Nilimshika huyo kijana mkono. Sikumbuki kuamua. Nilisema, "Ngoja. Hii ni kosa yangu."

"Kosa gani, fundi?"

"Gari. Ni mimi niliiharibu jana."

Nilifungua boneti. Niliomba maji, na mwanamke mmoja wa kwaya akanipa leso yake na kibuyu cha plastiki. Niliilowesha leso, nikaizungusha kwenye pampu na bomba. Ilitoa mvuke na sauti kama kikaango. Nilitazama saa. Nilimwagia tena. Baada ya dakika tatu nilimwambia Ouma apige. Ikawaka.

Bwana Odongo alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Huyu mwanamke amekupa pesa ngapi?"

"Hajanipa kitu."

"Kwa nini hukusema pale mwanzo? Ulikuwa na mdomo."

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba niliogopa. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwaya ikiendelea kutembea mbele yetu, na mimi nikiondoa hii leso, gari itazima tena kabla ya kile kinu cha kusaga posho pale mbele. Nikiiwekea maji, itawaka, hata kama hakuna mtu ameomba. Kama nadanganya, mnirudishe mimi Kisumu kwa miguu."

Niliiondoa leso. Kwaya iliimba. Nilitembea kando ya pikapu, mkono juu ya boneti, na nawaambia kweli, niliomba petroli ichemke. Hatua kama thelathini kabla ya kinu ikakohoa mara mbili. Nikaweka leso, nikamwaga maji, nikahesabu dakika tatu mbele ya watu wote. Hakuna aliyesema neno kwa jeneza. Ikawaka.

Shangazi yake marehemu, mzee kuliko wote pale, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara akiipumzisha miguu.

"Kumbe Owuor anaogopa leso iliyolowa?" aliuliza. "Nilimlea, sikujua."

Watu walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Kisha akawa si mtu wa mzaha tena.

"Odongo, ulisema kuna mtu yuko na kosa na lazima aseme mbele ya ndugu yako. Mtu amepatikana. Fundi, kuja hapa. Sema."

Nilidhani anatania. Alinyoosha mkono kuelekea jeneza, akangoja. Nilivua kofia. Niliweka mkono pale alipokuwa ameweka Bwana Odongo, na mbao ilikuwa ya moto kwa jua. Sikujua namna ya kumwita.

"Bwana Owuor," nilisema, "mimi ni fundi. Nilitoa kipande kinachozuia joto, nikaweka karatasi. Nilikunja bomba karibu na moshi. Ndiyo sababu umesimama njiani mara nne. Na niliona mke wako anashushwa, nikanyamaza. Nisamehe."

"Amesikia," alisema shangazi. "Sasa nendeni mkamlete mama ya watoto."

Mama Akinyi alipofika alipanda mahali pake kwenye benchi bila kumtazama mtu. Mimi pia hakunitazama, na sikustahili. Kwaya ilipanda basi, nasi tukaenda kwa gia ya tatu na boneti nusu wazi, imefungwa kwa kamba ili hewa ipite. Haikuzima tena. Tuliingia bomani saa kumi kasoro dakika kumi. Mjane alikuwa wa kwanza kumwaga udongo kaburini, kabla ya ndugu. Alibaki na nyumba ya mumewe pale bomani, na watoto wake. Bwana Odongo hakunipa mkono, na nimesikia kwamba hadi alipozeeka alisema mimi na mjane tulipanga njama.

Mzee Onyango alinisikiliza wiki iliyofuata bila kunikatiza. Kisha akanitolea ubao mweusi wa swichi kuukuu za umeme, akaniachia msumeno. Nilikata kipande kipya kwa siku moja na nusu, kwa tupa, mpaka kikakaa sawasawa. Mfanye hivyo hivyo. Msitumie bati wala mbao laini. Bomba lipitisheni mbali na moshi, upande wa upepo. Kati ya pampu na manifoldi ya moshi wekeni bati la kukinga, lisigusane na chochote. Mkiweza, toeni bomba jembamba kabla ya kabureta lirudi tangini, lenye tundu dogo la kupenya sindano nene. Mvuke utapata njia ya kurudi nyumbani, na petroli itazunguka ikiwa baridi. Gari likitoka safari ndefu, liachwe lingurume dakika mbili kabla ya kuzimwa, kisha boneti ifunguliwe.

Na mkiwa mmefunga kitu vibaya, na mtu mwingine analaumiwa mbele yenu, semeni mapema kuliko nilivyosema mimi. Itawagharimu, siwafichi. Bwana Okeyo alinidai pesa ya kazi ya kabureta nikamrudishia. Alisema nimemtangazia vibaya pikapu yake mbele ya Nyakach nzima, akahamisha magari yote matatu kwa fundi mwingine. Kwa kazi nilizokuwa nikimfanyia kila mwezi, hadi mwaka ulipokwisha nilikuwa nimepoteza shilingi elfu tatu mia sita na ishirini.